Injini Kwenye Baiskeli: Mwongozo Kamili wa Kuijenga Nyumbani, Kuanzia Gurudumu la Nyuma

Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia injini. Boksi linafunguliwa, injini inawekwa mezani, inapigwa picha, inageuzwageuzwa, huku gurudumu la nyuma limeegemezwa ukutani kama mgeni asiyekaribishwa. Nami nilianza hivyohivyo, na nikayalipia. Injini ndogo ya stroki mbili (inayowaka kila pistoni inapopanda na kushuka mara moja) haina makuu: ikipata petroli, hewa na cheche kwa wakati wake, itawaka. Kinachoiangusha baiskeli ya injini ni cheni isiyonyooka, boliti iliyolegea, na breki zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu anayekanyaga kwa miguu yake. Kwa hiyo nitakaa sana nyuma ya baiskeli, na mengine nitayapita kwa haraka.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1946, huko Hamamatsu, Japani, Soichiro Honda alichukua injini ndogo zilizokuwa zikiendesha jenereta za redio za jeshi akazifunga kwenye baiskeli; ile ya kwanza ya majaribio tangi lake lilikuwa chombo cha maji moto cha kupashia kitanda. Mwaka huohuo Ufaransa ilianza kuuza VeloSolex, ambayo injini yake ilikaa juu ya gurudumu la mbele na kulisukuma kwa roli iliyogusa tairi. Hapa nazungumzia mtindo uliozoeleka zaidi siku hizi: seti ya injini ya stroki mbili inayokaa katikati ya fremu na kuzungusha gurudumu la nyuma kwa cheni ya pili, upande wa kushoto.

Kabla hujanunua chochote

Injini hizi mara nyingi huuzwa kwa ukubwa wa aina mbili, "50" na "80". Ile ya 80 kwa kawaida haifiki 80. Chukua kipenyo cha silinda, milimita 47, na mwendo wa pistoni, milimita 38, piga hesabu ya ujazo: utapata cc 65.9. Hizo 14 zilizobaki waulize waliochapisha boksi. Tofauti hii ina uzito mbele ya sheria. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, daraja la chini kabisa la pikipiki huishia cc 50 na kilomita 45 kwa saa. Uliza mapema sheria ya unapoishi inakiita nini chombo hiki: baiskeli, au pikipiki inayodai namba, leseni na bima. Ni afadhali kujua kabla ya kutoa pesa kuliko kuambiwa ukiwa umesimamishwa barabarani.

Kisha fremu. Tafuta fremu ya chuma yenye umbo la V pale katikati, mabomba ya mviringo yenye kipenyo cha karibu milimita 28.6, na nafasi ya kutosha kwa injini. Fremu za alumini zenye mabomba manene hazishikwi vizuri na vibano vya injini, na alumini ikichoshwa na mtetemo hupasuka bila kutoa onyo. Kagua maungio yote kwa tochi. Ukiona ufa mwembamba kama unywele kwenye shingo ya usukani, hiyo fremu iache.

Gurudumu la nyuma liwe na spoku 36, kwa sababu sproketi ya seti (duara la chuma lenye meno linaloshika cheni) imepangiwa idadi hiyo. Spoku za kawaida zina unene wa milimita 2.0; ukipata gurudumu lenye spoku za milimita 2.6, lichukue bila kujiuliza mara mbili.

Vifaa ni vya kawaida: spana za milimita 8 hadi 17, funguo za pembe sita, praizi, bisibisi, tupa, msasa laini, kipande cha kioo bapa, rula, gundi ya kuzuia nati isilegee, na nati zenye plastiki ndani. Ongeza spana ya kupimia nguvu ya kukaza, hata kama ni ya kuazima. Boliti zinazokuja na seti ni laini sana. Zile zinazobeba mzigo, hasa za kufungia injini kwenye fremu, badilisha zote kwa za chuma kigumu. Weka pia kizimamoto cha unga karibu, na kazi ya petroli ifanyie nje.

Breki kwanza

Usishangae breki kutangulia injini. Mwendo ukipanda mara mbili, nishati ambayo breki inapaswa kuimeza hupanda mara nne. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 100, kwa kilomita 20 kwa saa wanabeba juli (kipimo cha nishati) 1,540 hivi. Kwa kilomita 40 wanabeba karibu 6,200. Breki za zamani za kubana rimu ya chuma hazitoshi, na zikilowa maji hazishiki kabisa. Weka breki ya diski mbele, au angalau zile za mikono mirefu zinazobana rimu ya alumini, zenye raba mpya.

Kuna tatizo dogo ambalo wengi hulikuta dakika ya mwisho: mkono wa kushoto sasa ni wa klachi, yaani kifaa kinachotenganisha injini na gurudumu. Kwa hiyo mkono wa kulia ubebe breki zote mbili kwa kishikio kimoja kinachovuta waya mbili, au breki ya nyuma iwe ile ya kukanyagia kinyume. Ukichagua hiyo ya kukanyagia kinyume, kumbuka kuwa mkono wake wa chuma unakaa kushoto, palepale sproketi ya injini inapotaka kukaa. Pima nafasi kabla hujaagiza.

Sproketi ya nyuma

Hapa ndipo pa kumalizia mchana mzima. Sproketi ya seti ina meno 44, matundu 9, raba mbili za duara na vipande vya chuma vyenye umbo la nusu mwezi. Raba moja inakaa ndani ya spoku, nyingine nje. Vyuma vinakaa ndani nyuma ya raba. Sproketi inakaa nje. Boliti 9 zinapita katikati ya spoku na kubana kila kitu kama mkate na vilivyomo ndani yake. Raba ya ndani itabidi uikate sehemu moja ili ipite kuzunguka habu, yaani kitovu cha gurudumu.

Kosa la kawaida ni kukaza boliti moja hadi mwisho, kisha ya jirani yake. Ukifanya hivyo, sproketi inalala upande, nawe utaihangaikia milele. Fanya hivi: ingiza boliti zote 9 kwa vidole tu. Kisha kaza robo mzunguko, ukiruka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kama unavyokaza nati za gurudumu la gari. Baada ya kila duru, weka gurudumu kwenye fremu, funga penseli kwenye bomba la fremu ili ncha yake iwe karibu kabisa na meno, halafu zungusha taratibu. Ncha itakuonyesha ukweli: mahali fulani sproketi inaigusa, mahali pengine inaikimbia. Pale inapogusa, kaza kidogo; pale inapokimbia, legeza. Rudia mpaka tofauti isizidi milimita moja, kushoto kulia na juu chini. Ikigoma juu chini, tatizo ni tundu la katikati kuwa kubwa kuliko habu. Jaza nafasi hiyo kwa ukanda mwembamba wa bati uliouzungushia habu.

Usikaze hadi raba ichomoze pembeni kama ulimi. Raba ikikazwa kupita kiasi huvuta spoku na kuipinda rimu. Baada ya kilomita chache za kwanza raba hujilaza, na boliti zote 9 zitahitaji kukazwa tena. Kama mfuko unaruhusu, kuna kishikio cha alumini kinachobana shingo ya habu yenyewe na kushika sproketi bila kugusa spoku. Mimi siku hizi situmii kingine.

Meno 44 yanakupa nini? Ndani ya injini kuna gia inayopunguza mizunguko mara 4.1, na sproketi ya mbele ina meno 10. Kwa hiyo 4.1 mara 4.4 ni 18.04: injini inazunguka mara 18 ili gurudumu lizunguke mara moja. Gurudumu la inchi 26 husafiri karibu mita 2.07 kwa mzunguko mmoja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, mwendo ni kama kilomita 34 kwa saa. Ukiweka sproketi ya meno 36, mizunguko ileile inakupa kama kilomita 42, lakini mlimani utasaidia kwa pedeli. Anza na 44. Hamu ya mwendo haikosi kuja, lakini ije breki zikiwa zimeshazoeleka.

Kufunga injini

Safisha bomba pale kibano kitakapokaa. Baadhi ya watu huweka raba kati ya injini na fremu wakidhani itapunguza mtetemo. Inafanya kinyume: injini inapata nafasi ya kucheza, na kucheza huko ndiko kunakokata stadi, zile boliti zisizo na kichwa zinazotokeza kwenye injini. Chuma kikae kwenye chuma, kibane sawasawa. Kama bomba la mbele ni nene kuliko kibano, tafuta kibano kikubwa zaidi. Usitoboe bomba ili kupitisha boliti, hata kama karatasi ya maelekezo inasema hivyo. Tundu kwenye bomba la chini ni mwaliko wa ufa mahali ambapo fremu inabeba mzigo mkubwa.

Kabla ya kukaza, ishushe injini iwezavyo kwenda chini, kisha simama nyuma ya baiskeli, funga jicho moja, uangalie mstari: sproketi ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma zikae kwenye mstari mmoja. Ukiwa na rula ndefu, ilaze kwenye uso wa sproketi ya nyuma uone inapoangukia mbele. Zungusha na pedeli pia, uone kama krenki (mkono wa pedeli) inagonga injini au bomba la moshi. Mara nyingi inagonga, na dawa ni krenki pana zaidi.

Cheni na roli lake

Cheni ya seti ni namba 415, yenye hatua ya milimita 12.7. Ikate kwa urefu ambao gurudumu likivutwa nyuma cheni ikaze bila kutegemea roli la kukazia. Kama cheni ni ndefu kwa kiungo kizima lakini ukikitoa inakuwa fupi, tumia nusu kiungo. Katikati ya cheni kuwe na mchezo wa milimita 12 hivi, juu na chini. Klipu ya kiungo cha kuungia ielekeze upande wake uliofungwa kule cheni inakokwenda. Ukigeuza, siku moja kitu kitaikwaruza itoke.

Sasa roli. Seti huja na roli la plastiki linalofungwa kwenye bomba la nyuma kwa boliti mbili ili liisukume cheni. Roli hili ndilo lililoniangusha. Nilikuwa nimelifunga juu ya rangi ya fremu, likaonekana limekaza kabisa. Siku ya pili, kwenye mteremko mdogo, rangi ikateleza, kibano kikajizungusha, na cheni ikalivuta roli moja kwa moja ndani ya spoku. Gurudumu lilijifunga papo hapo. Spoku 11 zilikatika, nami nikatua kwa bega la kulia. Mlio wake nausikia hadi leo, kama mtu aliyetupa kikapu cha vijiko sakafuni.

Kwa hiyo: kama cheni inanyooka na kukaza bila roli, usiliweke. Kama lazima liwepo, futa rangi chini ya kibano, weka ukanda wa raba nyembamba wa kushika, na ongeza boliti ndogo inayozuia kibano kisizunguke, ukiifungia kwenye kipande cha chuma kilichochomelewa pembeni, si kwa kutoboa bomba. Roli likae sambamba na cheni. Likiinama kidogo tu, cheni itapanda ukingoni.

Hewa, moshi na kichwa cha silinda

Bomba linalounganisha kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli) na silinda huja na uso usionyooka. Laza msasa juu ya kioo, weka uso wa bomba juu yake, usugue kwa mwendo wa umbo la namba 8 hadi mikwaruzo iwe sawa kila mahali. Uwazi hapo huingiza hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na pistoni inaungua. Ukiwa na shaka injini ikiwa inawaka, nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio: mlio ukibadilika, umepata pa kuziba.

Nati nne za kichwa cha silinda kaza kwa mtindo wa msalaba, kwa awamu, ukitumia spana ya kupimia nguvu: niutoni mita 8, kisha 12, kisha 16 kwa stadi za milimita 8. Rudia injini ikishawaka mara ya kwanza na kupoa kabisa. Bomba la moshi lishikiliwe na mkono wake bila kulivuta wala kulisukuma. Likikaa kwa mvutano, stadi zake hukatika zenyewe.

Klachi

Ndani ya kifuniko cha kushoto kuna mkono mdogo unaovutwa na waya. Rekebisha urefu wa waya ili kishikio kiwe na mchezo wa milimita 2 au 3 kabla ya kuanza kuvuta. Ile springi nene iliyokuja na seti, ambayo kila mtu hubaki nayo mkononi akijiuliza inakwenda wapi, ni ya kuvalisha waya wa klachi pale unapopita karibu na joto la injini. Kifuniko cha kulia kina gia: weka grisi kiasi cha punje ya harage kwenye meno, si zaidi. Grisi ikifika kwenye vipande vya klachi, klachi itateleza.

Umeme

Sehemu hii ni fupi kuliko inavyotisha. Kutoka kwenye injini kuna waya tatu: buluu, nyeusi na nyeupe. Buluu inaungana na buluu ya kisanduku cha cheche, nyeusi na nyeusi. Nyeupe iache, uizibe ncha kwa tepu. Ukiifungia taa au kingine chochote, cheche hupungua. Swichi ya kuzimia ifunge kati ya buluu na nyeusi: ukiibonyeza zinaungana na injini inazima. Swichi hiyo si pambo. Waya wa kabureta ukikwama wazi, ndiyo itakayokuokoa.

Plagi ya seti, ile inayotoa cheche ndani ya silinda, badilisha. NGK B6HS inaingia bila shida. Weka pengo lake liwe milimita 0.6. Kofia ya plagi nayo ni dhaifu. Nyingi ya zile "injini mbovu" nilizoletewa zilikuwa na kofia mbovu tu.

Tangi na mchanganyiko

Suuza tangi jipya kwa petroli kidogo kabla ya kulifunga. Utatoa unga wa chuma unaoweza kuziba kabureta. Weka chujio kwenye mpira wa petroli, na mpira uteremke moja kwa moja bila kupanda popote. Tundu la hewa la kifuniko liwe wazi, la sivyo injini itazima baada ya dakika kumi na wewe utalaumu kabureta.

Injini ya stroki mbili haina oili yake yenyewe; oili inakuja ndani ya petroli. Tumia oili ya stroki mbili, si ya gari. Wakati wa kuilainisha injini mpya, mililita 50 kwa kila lita ya petroli, yaani 20 kwa 1. Baadaye, ukitumia oili nzuri, mililita 40 au 31, yaani 25 au 32 kwa 1. Changanya kwenye dumu, tikisa, ndipo umimine.

Kuwasha mara ya kwanza

Fungua bomba la petroli, bonyeza kitufe kidogo cha kabureta hadi petroli ichungulie, funga choki, yaani kizuizi cha hewa cha kabureta. Bana klachi, kanyaga hadi ufike mwendo wa mtu anayekimbia, kisha achia klachi taratibu huku umefungua gesi (mpini wa kuongeza mwendo) kidogo. Injini itakohoa, itatema moshi mweupe, kisha itashika. Fungua choki ikishapata joto.

Safari za kwanza ziwe za dakika 20, halafu iache ipoe kabisa. Kwa kilomita 500 za mwanzo usifungue gesi hadi mwisho, na usikae kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu. Kila ukirudi, pita na spana: boliti za injini, nati za kichwa, boliti 9 za sproketi, roli kama lipo, spoku moja moja kwa vidole. Spoku iliyolegea ina sauti butu. Zilizokaza hulia kama uzi wa gitaa.

Baada ya safari ya tatu toa plagi uitazame. Kahawia ni nzuri. Nyeupe kama chaki maana yake hewa imezidi: shusha klipu ya sindano ya kabureta tundu moja, sindano ipande, petroli iongezeke. Nyeusi na yenye mafuta, fanya kinyume. Badilisha tundu moja kwa safari moja, la sivyo hutajua kipi kimesaidia.

Ukitoka nyumbani beba spana mbili, plagi moja, kiungo cha kuungia cheni na kipande cha waya laini. Kiungo hicho ndicho kitakachohitajika kwanza, na kwa kuwa klipu yake ni ndogo kuliko ukucha, beba mbili: ya kwanza utaiangusha kwenye majani.